Ukurasa Gani?

Mtu akikwambia kitabu fulani ni kizuri mno, muulize ukurasa gani. Usimuulize kwa ukali, kama mwalimu anayetafuta kosa. Muulize kama unavyomuuliza mtu aliyetoka safari alikula nini njiani. Atanyamaza kidogo, kisha atakwambia jambo ambalo hakupanga kukwambia.

Nasoma shahada ya uzamili ya fasihi ya Kiswahili hapa Dar es Salaam, na tasnifu yangu inahusu wasomaji ambao hawajawahi kuitwa wahakiki. Katika rasimu ya sura ya kwanza niliwanukuu watu kadhaa wakisifia vitabu walivyovipenda. Msimamizi wangu akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Mhemko si hoja." Namwelewa. Darasani tunajadili dhamira, usimulizi, muktadha na itikadi, na sijamwona aliyepata alama kwa kuandika "nimekipenda jamani". Lakini nikitazama vitabu vya Kiswahili nilivyosoma nje ya mtaala, karibu vyote vilinifikia kwa maneno hayohayo. Riwaya zetu hazina mabango barabarani wala matangazo redioni. Zina watu. Mmoja anasoma, hashikiki, anamwazima mwenzake, na nakala hairudi.

Mlinzi wa usiku wa hosteli yetu ni mmoja wa watu hao. Umri wake umepita sitini, na kwenye droo ya meza yake getini ana nakala ya Kufa na Kupona isiyo na jalada. Ukimpa shikamoo saa tano usiku atakuitikia marahaba, kisha atakupeleka moja kwa moja kwa Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba zilizosomwa sana miaka ya 1970 na 1980. Darasani tunaziita riwaya pendwa, na wapo wanaolitamka jina hilo kwa kushusha sauti, kana kwamba kupendwa ni kasoro.

Nilipomuuliza ukurasa gani, alikiacha kile kitabu cha kwenye droo akataja kingine, Kikosi cha Kisasi, pale Gamba anapofika Kinshasa.

"Binti," akasema, "mimi nilifika Kinshasa kabla ya wenye pasipoti."

Hajawahi kuvuka mpaka wowote. Kazi yake kwa miaka mingi imekuwa kufungua geti ili wengine watoke na mabegi yao. Akanieleza kwamba kwenye sinema za ujana wake shujaa alikuwa daima mtu wa mbali, na ghafla akampata Mwafrika anayelala hoteli kubwa, anayefikiri haraka kuliko adui, na anayerudi nyumbani mzima. Nimesoma makala kadhaa kuhusu riwaya pendwa na matumaini ya taifa changa. Zinasema jambo hilohilo kwa kurasa nyingi zaidi.

Mwenzangu wa chumba anatoka Kitale, Kenya, na kitabu chake ni Siku Njema cha Ken Walibora, kilichotoka mwaka 1996 na kuwa kitabu teule katika shule za sekondari za kwao. Kwa kawaida kitabu cha mtihani hakipendwi. Ukishafunga karatasi ya mwisho, unakifunga nacho. Yeye hakukifunga. Alipokuja Dar kuanza masomo alipanda basi Mombasa, akavuka Lunga Lunga, na basi lilipoingia Tanga akamgusa bega mama aliyeketi karibu naye: "Hapa ndipo kwao Kongowea!" Yule mama akauliza Kongowea ni nani, ndugu yako? Akajibu ndiyo.

Tumebishana sana kuhusu riwaya hiyo. Mimi nasema bahati ni nyingi mno katika safari ya kijana yule anayemtafuta baba yake. Yeye ananisikiliza kwa subira, halafu ananikumbusha kwamba safari yenyewe inafika Kitale. "Nilikuwa sijawahi kuona kwetu kwenye kitabu," aliniambia. "London niliiona. Lagos niliiona. Kwetu ilikuwa mahali pa kusomea vitabu tu, si mahali pa kuandikwa." Walibora alipofariki Aprili 2020 jijini Nairobi, alikisoma chote upya, na alipofika pale mji wake unapotajwa alimwita mdogo wake aje aone.

Kisha yupo shangazi yangu, fundi cherehani, anayeipenda Utengano ya Said Ahmed Mohamed kuliko kitabu chochote. Riwaya hiyo ilichapishwa mwaka 1980, na ndani yake yumo Maimuna, binti aliyefungiwa nyumbani na baba yake, Bwana Maksuudi. Shangazi akianza kuisimulia huacha kushona.

"Alitoka, mwanangu! Alifungua mlango akatoka!"

Nilimkumbusha yaliyompata Maimuna baada ya kutoka: pombe, kuuza mwili, kudhalilika. Riwaya haimwonei huruma ya haraka.

"Hayo nayajua," akasema. "Lakini alitoka."

Shangazi alipomaliza darasa la saba aliwekwa ndani, mwali, akisubiri mchumba. Alikaa hivyo karibu miaka miwili. Baba yangu, ambaye ni kaka yake, ndiye aliyempelekea kitabu hicho, amekificha chini ya shati. Alikisoma mara nyingi kiasi cha kujua kurasa kwa mikunjo yake. Mchumba alipofika, shangazi alimkataa mbele ya wazee, na baada ya purukushani ya miezi kadhaa akaruhusiwa kwenda kujifunza ushonaji. Ada yangu ya kidato cha tano na cha sita ilitoka kwenye cherehani hiyo.

Msimamizi wangu angeweza kusema kwamba shangazi hakuisoma Utengano, alijisoma mwenyewe. Kuna ukweli hapo. Msomaji aliyependa hukata mwisho asioutaka, humsamehe mhusika asiyestahili, na wakati mwingine hukumbuka tukio ambalo halimo. Ndiyo maana nadharia ina kazi, na sina mpango wa kuiacha. Lakini fungua Utengano tena. Mlango uliofungwa umo, tena ndio chanzo cha mkasa wote. Wengi wetu tunakimbilia kuhukumu alichofanya Maimuna akiwa nje. Shangazi alianza na kufuli, kwa kuwa alilijua. Mapenzi yake kwa kitabu yalimpeleka mahali ambapo kitabu chenyewe kinaanzia.

Si kila sifa ina ukurasa. Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, simu yangu ilijaa pongezi siku nzima. Kila mtu alikuwa na fahari, na fahari ile ilikuwa halali. Ila nilipouliza ukurasa gani, wengi walicheka. Riwaya zake zilikuwa za Kiingereza na madukani hazikuonekana kwa urahisi. Mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis alitoa tafsiri ya Kiswahili ya Paradise, kwa jina la Peponi, na kidogo kidogo nikaanza kukutana na watu wenye jibu. Mmoja alisimama kwenye bustani ya tajiri. Mwingine alisimama pale mtoto Yusuf anapogundua kwamba yeye ni rehani ya deni la baba yake. Sifa ikawa imeshuka kutoka kwenye tuzo ikaingia ndani ya kitabu.

Nakala yangu ya Peponi sasa iko kwa baba, na ilifika huko kwa sababu ya Kuli.

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani na riwaya hiyo ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, kuhusu wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika: matabaka, unyonyaji, uzinduko wa wafanyakazi. Yote yamo. Baba, ambaye mimi nimemjua kama mwenye duka la rejareja tangu nazaliwa, alikichukua mezani na hakukirudisha kwa siku tatu. Siku ya nne, wakati wa chai, akasema, "Huyu mwandishi analijua gunia."

Nikamuuliza ukurasa gani.

Hakutaja ukurasa. Alisimama, akainamisha kichwa, akanionyesha gunia linavyokaa. Watu hudhani linakaa begani, akasema, kumbe linakaa shingoni, na shingo ndiyo inayoharibika kwanza. Akanionyesha namna ya kupumua ukiwa chini yake. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba kabla ya duka, kabla ya mama, baba alibeba magunia Kariakoo kwa miaka sita. Mtaji wa duka ulitoka hapo, na maumivu ya shingo ambayo siku zote aliyaita "baridi" yalitoka hapo pia. Mama alikuwa anajua. Sisi watoto hatukuwahi kuambiwa, na sidhani kama angetuambia, maana hakuna swali tulilokuwa nalo ambalo jibu lake lingekuwa hilo.

Nimemwandikia msimamizi wangu kwamba sura ya kwanza itabaki na wale wasomaji, ila kila mmoja atakuja na ukurasa wake, na ukurasa huo utasomwa kwa makini kama tunavyosoma wa mhakiki. Amenijibu kwamba tujaribu, na kwamba nisisahau nadharia.

Jana nilimpigia baba kumuuliza Peponi imefika wapi. Akasema amesimama mwanzoni kabisa, pale mtoto anapopandishwa treni na hajui kwamba hatarudi.

"Endelea, baba. Mbele kuna mengi."

"Nitaendelea," akasema. "Usiniharakishe. Bado niko naye stesheni."