Daftari la Wanaochanja

Kadi ya kliniki ya mtoto wa Mbagala huishi maisha magumu. Hufungwa ndani ya mfuko wa nailoni, huwekwa chini ya godoro, na familia inapohama kwa sababu ya kodi ya chumba, kutoka Rangi Tatu hadi Tandale, mara nyingi ndiyo hubaki nyuma. Muuguzi wa kliniki mpya huuliza kama mtoto alipata chanjo ya surua-rubela ya miezi 9. Mama anakumbuka kuwa mwanawe alichomwa sindano. Ni sindano ipi, hakumbuki. Ile ya miezi 18 ndiyo husahaulika zaidi, kwani wakati huo mtoto anatembea na mama amekwisha kurudi gengeni.

Rejista ya kielektroniki inaweza kumwokoa mtoto huyo. Nchini mwetu ilianzia Arusha, katika mradi wa BID ulioanza mwaka 2013 kwa ushirikiano wa Serikali na shirika la PATH, kisha ikafika Tanga na Kilimanjaro. Lililotuvutia katika habari za Arusha ni miguu ya watu kuliko mitambo: wauguzi walifuatwa zahanati kwa zahanati na kufundishwa palepale wanapochanja. Semina humwondoa muuguzi kazini, na foleni ya akinamama haina likizo.

Lakini rejista hujua yale tu iliyoandikiwa. Zahanati ya mtaa wa pili isipoandika, mtoto aliyechanjwa huko huonekana hakuchanjwa. Ndiyo maana sisi akinamama wa msikitini, tunaosaidia kuzishawishi zahanati binafsi za Temeke, tunatunza daftari jingine: la wanaochanja. Limo katika programu ya mawasiliano, nayo huonesha jina la zahanati, mganga mfawidhi, simu yake, nani kati yetu alizungumza naye mara ya mwisho, alijibu nini, na lini apigiwe tena. Bila hiyo, muuguzi mmoja atapigiwa na watu watatu wenye swali lilelile, na wa nne hatapokelewa. Asubuhi hatupigi kabisa. Baada ya Alasiri mtu huweza kukusikiliza.

Tukisoma majibu yao kwa pamoja, tunaona wanaokataa ni wachache. Wengi wanauliza. Nani atalipia bando? Umeme ukikatika? Na swali zito kuliko yote: je, nitajaza kishikwambi na bado nijaze vitabu vya MTUHA? Swali hilo ni la haki, na mwenye kulijibu kwa hotuba ya uzalendo hastahili kupewa simu.

Waislamu hatuna sababu ya kushangazwa na uandishi wa namna hii. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Namba ya simu ya muuguzi nayo ni amana, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kuilinda ni wajibu wa kisheria pia. Hatuipeleki kwenye kundi la harusi, hata tukiombwa na shangazi.

Zahanati moja ya Buza bado haijaamua. Maelezo yake yanasomeka: "Anasubiri muuguzi mpya. Apigiwe Jumatatu, baada ya Alasiri."