Chumba Kimoja na Mkeka wa Mgeni



Siku moja alinijia binti wa kaka yangu, simu mkononi na machozi machoni. Ameolewa, hata mwaka haujatimia. Yeye na mumewe wamepanga chumba kimoja hapa Mombasa, kile ambacho vijana wa leo hukiita bedsita: mlango mmoja, dirisha moja, pembeni mahali pa kupikia, na choo chake mumo humo. Nikamuuliza, "Kuna nini, mwanangu?" Akanijibu, "Shangazi, nimekipamba kile chumba mpaka nimechoka, na mume wangu sasa haketi nyumbani. Akirudi kazini hula, kisha hutoka akenda barazani mpaka usiku. Asema hapana pa kukaa."

Akanionyesha zile picha alizoziiga. Zilikuwa picha za vijumba vya mashambani huko Uingereza: karatasi za maua ukutani, mapazia mazito, zulia la manyoya, mito tele kitandani, dari ya mbao iliyoinama, na moto ukiwaka katika meko ya ukutani. Nzuri, sikatai. Mtu akizitazama huhisi utulivu, atamani kuingia akae. Kisha akanionyesha chumba chake. Ukiutoa ule moto, vyote vile alikuwa amevinunua, vingi kwa mkopo, na vyote amevitia ndani ya chumba cha futi 10 kwa 12, mjini Mombasa, mwezi wa Februari.

Sikumcheka. Ningemchekaje, na mimi mwenyewe nilifanya yayo hayo kabla yeye hajazaliwa? Basi niliyomweleza yeye nataka nikueleze na wewe msomaji, kwani huenda nawe wakaa katika chumba kimoja, au una mwana anayekaribia kuhamia chumba kimoja, na si vyema kila mtu alipie kosa lile lile kwa fedha zake.

Nilitoka Lamu mwaka 1979, bibi harusi. Mume wangu alikuwa na kazi bandarini, tukapanga chumba katika nyumba ya Kiswahili mtaa wa Majengo: ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na ua nyuma wa kupikia na kufulia. Chumba chetu nacho kilikuwa futi 10 kwa 12. Mimi nililelewa katika nyumba ya mawe, japo ilikuwa ya urithi na warithi wake wengi. Nikaona haya. Nikasema moyoni mwangu, watu wa kwetu wakija wakanikuta humu watasema nimeanguka. Nikamshikilia mume wangu, naye maskini akakubali, tukachukua seti ya makochi na kabati la vioo katika duka moja kwa malipo ya kidogo kidogo. Tukalipa kwa miezi 18.

Hesabu ambayo nilipaswa kuifanya kabla nimekuja kuifanya baadaye, nami nakupa uione. Kitanda futi 4 kwa 6, ni futi za mraba 24. Kochi kubwa futi 6 kwa 3, ni 18. Makochi mawili madogo, futi 3 kwa 3 kila moja, ni 18 tena. Meza 8, na kabati 8. Jumla 76. Chumba kizima ni 120. Zilizobaki 44, nazo hazikubaki pamoja: kipande mlangoni, kipande mbele ya kabati, ujia wa kupitia ubavu kati ya kochi na kitanda. Mswala wa mtu mmoja wataka futi 2 kwa 4 tu, lakini wataka zilizoungana.

Mwaka uliofuata mama yangu alikuja kunitazama. Alikaa siku nzima ndani ya basi, na kwapani alikuwa na mkeka wa ukindu aliousuka kwa mkono wake, ukili baada ya ukili, wenye rangi ya zambarau na kijani. Aliingia, akatazama makochi, akasema, "Mashaallah." Nikafurahi. Ikaadhiniwa magharibi. Mama akatawadha, akasimama katikati ya chumba na mkeka wake mkononi, akageuka huku, akageuka kule. Hapakuwa na pa kuutandika. Nikavuta meza, ikagonga kabati. Mwishowe akaswali ukumbini, wapangaji wakimpitia nyuma na ndoo zao. Usiku ule alilala kwa jirani, mama mmoja mjane wa chumba cha pili, ambaye hakuwa na kitu ila kitanda na jamvi, na kwa sababu hiyo alikuwa na nafasi.

Siku ya tatu mama akasema amekumbuka nyumbani. Hakunilaumu. Alipokuwa akiniaga aliniambia neno moja tu: "Mwanangu, mkeka wangu uutandike siku utakapopata pahali." Hakurudi tena. Alifariki kabla ya Ramadhani ya mwaka uliofuata, na siku niliyoletewa habari, mkeka wake ulikuwa bado umesimama nyuma ya mlango, umekunjwa vile vile alivyouacha.

Nimewaeleza haya wachache. Leo nayaandika kwa kuwa nimeona machozi ya binti yule, nikajua kwamba kosa halikufa.

Baada ya eda ya majonzi kupita, mimi na mume wangu tuliuza makochi kwa nusu ya bei, na deni lake tukaendelea kulilipa. Tulipobaki na chumba kitupu ndipo nilipokaa nikaanza kukumbuka nyumba ya kwetu ilivyokuwa. Na hapa msomaji nataka ufikiri pamoja nami. Zile nyumba za mawe za Lamu, ambazo mji wake uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, vyumba vyake si vipana. Dari zake hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki mbali. Kwa hiyo upana wa chumba ni futi 9 au 10 hivi, hata kwa tajiri. Babu zetu waliishi katika wembamba, na katika wembamba huo waliishi kwa heshima. Walifanyaje?

Kwanza, waliuacha ukuta ufanye kazi. Walichonga zidaka katika chokaa, safu juu ya safu, wakaweka humo mabakuli ya Kichina na vitabu. Chombo kikakaa ndani ya ukuta, wala hakikula nafasi ya sakafu, na jicho likahisi kwamba ukuta umerudi nyuma. Pili, waligawanya kwa pazia. Mwisho wa msana kuliwekwa kitanda nyuma ya pazia: likifunguliwa ni sehemu ya chumba, likifungwa ni sitara. Tatu, vitanda vyao vilikuwa virefu kwenda juu, na mvunguni palikaa kasha. Nne, pa kuketi palikuwa mkeka na mito, vitu ambavyo hukunjwa. Mchana huketiwa, usiku watoto hulalia, asubuhi husimamishwa pembeni, na sakafu ikawa tupu tena kwa swala au kwa sinia.

Sasa turudi kwa vile vijumba vya Uingereza, kwani sitaki msomaji afikiri kwamba navikejeli. Wenyewe asili yao walikuwa vibarua wa mashamba. Ukuta ni mnene na dirisha ni dogo ili joto lisitoroke. Zulia na pazia zito ni silaha ya kupigana na baridi. Ule mfarishi wa viraka vya rangi rangi ulitoka kwa mama aliyeona uchungu kutupa kipande cha nguo kuukuu. Paa ni la majani, kama makuti yetu. Kwa ufupi, ni nyumba ya maskini mwenye mikono: amechukua kilichopo karibu, akakitumia mpaka mwisho, na hakununua kitu cha kumwonyesha jirani. Ule utulivu tunaouona katika picha umetoka hapo. Haukutoka katika yale maua.

Basi mtu wa pwani akitaka raha ile, aige akili yake, asiige nguo zake. Zulia la manyoya hapa kwetu hushika joto, vumbi na unyevu, likaota koga. Karatasi za ukutani hubanduka mvua za masika zikija. Hata rangi ya mafuta ina hila: sisi tuliipaka ukuta wetu wa mawe na chokaa, unyevu ukakosa pa kutokea, na kabla ya mwaka ikavimba kama malengelenge. Tukaikwangua, tukarudi kwenye chokaa nyeupe ambayo huuacha ukuta upumue na kukizidisha chumba mwanga. Ukiwa na ukuta wa saruji, kama wa binti yangu, paka rangi nyepesi ya maji, hiyo yatosha.

Tulichofanya chumbani mwetu ni hiki. Kitanda tulikiinua kwa magogo manne, kasha na masanduku yakaingia mvunguni. Nikafunga kamba ukuta kwa ukuta, nikashona kanga tatu zikawa pazia, kitanda kikawa nyuma yake. Mume wangu akapigilia rafu ya mbao juu ya mlango na nyingine juu ya kitanda, zikawa ndizo zidaka zetu. Kioo tukakitundika mkabala na dirisha, nuru ikaongezeka mara mbili. Mito nikaijaza sufi, foronya nikazishona kwa vipande vya kanga zilizochakaa. Mtungi wa maji na kata yake ukakaa pembeni, na juu ya sinia kawa la ukindu, nalo ni pambo na ni kifuniko. Jioni asumini katika kisahani, na siku ya Ijumaa udi katika chetezo. Kisha nikautandika mkeka wa mama.

Lakini tahadhari mbili kwa mwenye chumba kimoja. Usilizibe dirisha kwa kabati, hata kama ukuta mwingine umejaa. Na usilale na jiko la makaa ndani wala usifukize udi milango yote imefungwa, kwani makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo imewaua watu usingizini. Mapazia nayo yawe mbali na moto wa kupikia.

Ndugu msomaji, huenda ukauliza, je, kupamba ni makosa? La. Kupenda uzuri si makosa, na nyumba imejaaliwa iwe mahali pa utulivu. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kipimo kwa mfano wa vitanda: kimoja cha mume, kimoja cha mke, cha tatu cha mgeni, na cha nne ni cha shetani. Wanavyuoni wameeleza kuwa cha nne ni kile kilichozidi haja, cha fahari tu. Tazama, mgeni ametajwa kabla ya fahari. Mimi nilimpa shetani kitanda chake, nikamnyima mgeni, na mgeni mwenyewe ni aliyenizaa. Na tunajua kisa cha Bi Aisha (r.a.) alipotundika pazia lenye picha, Mtume (s.a.w.) akalichukia. Bi Aisha hakulitupa lile pazia. Alilikata akalifanya mito. Kwangu mimi hapo mna mafunzo mawili: kuondoa kisichofaa, na kutoharibu kinachofaa.

Nilikwenda kwa binti yangu siku ya Jumamosi, mumewe akiwapo. Zulia tulilitoa, kochi kubwa likauzwa kwa hasara. Mapazia yale mazito hatukuyatupa, tuliyakata tukafanya foronya za mito mikubwa ya kuketia. Mume, ambaye nilidhani ni mtu wa kununa, kumbe ana mkono wa useremala. Alikaa akipima rafu kwa kamba mpaka adhuhuri. Siwezi kukuambia kwamba shida zao zimekwisha. Deni bado lipo, na litakula mshahara wa miezi kadhaa. Lakini siku ile chakula cha mchana tulikila pamoja sakafuni, watu watatu kuzunguka sinia moja, na hapana aliyembana mwenziwe. Alipomaliza kula, yule kijana alijinyoosha, akaweka kichwa juu ya mto, akalala. Binti yangu akanitazama, hakusema kitu.

Wahenga wetu walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nami nakuomba msomaji, leo utakapofungua mlango wa chumba chako, kiwe cha kupanga au chako mwenyewe, kwanza simama kizingitini. Usitazame kilichokosekana. Tazama kama pana futi 2 kwa 4 zilizoungana, ambapo mama yako akija leo ataweza kuutandika mkeka wake. Kama hapana, ondoa kitu kimoja. Ondoa leo, maana wazazi hawangoji tumalize kulipa.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotangulia, na azijaalie nyumba zetu, kubwa na ndogo, ziwe za utulivu. Amin.