Kamera Yangu ya FED

Watu wengi hudhani ya kuwa kamera njema sharti iwe ya ghali. Mimi ninayo moja iitwayo FED 2, niliyoinunua kuukuu kwa fedha chache kuliko bei ya simu, nayo hukaa mkobani mwangu kila siku pamoja na chaki na madaftari.

Asili yake yapendeza kusimuliwa. Katika mji wa Kharkiv, nchi ya Ukraine, palikuwa na makao ya watoto waliookotwa njiani, wengi wao mayatima, chini ya mwalimu Anton Makarenko. Walifundishwa kazi za mikono, na kufikia mwaka 1934 walikuwa wakiunda kamera kwa kuiga Leica ya Wajerumani, kazi itakayo vipimo vyembamba mno. FED ni herufi za kwanza za Felix Edmundovich Dzerzhinsky, mkuu wa kwanza wa polisi ya siri ya Sovieti, mtu aliyeogopwa sana. Ajabu ni kwamba makao ya watoto yaliitwa kwa jina lake. Kamera yangu ni ya namna ya baadaye, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1955.

Haina betri. Ukichungulia dirishani waona vivuli viwili vya mtu mmoja. Wazungusha lenzi taratibu hata vikawa kimoja, ndipo umbali umekuwa sawa. Nuru naikisia kwa macho: jua likiwa kali, na filamu ni ya 200, naweka tundu 16 na kasi 1/250. Walakini usiguse gurudumu la kasi kabla ya kuvuta filamu, maana vyuma vya ndani huweza kuharibika.

Walimu wenzangu hunicheka, wakisema simu hupiga picha mia bila gharama. Ni kweli, filamu ya picha 36 si rahisi, na kuisafisha ni fedha nyingine. Hesabu hiyo sibishani nayo. Lakini kwa kuwa ni 36 tu, mtu akiketi mbele yangu namngoja. Mzee mmoja jirani yetu aliketi hata akaisahau kamera, akaanza kumenya muhogo, kisha akainua uso akitabasamu, hapo nikabonyeza. Alifariki filamu ikiwa haijaisha. Picha ilipokuja, mjane wake aliishika kwa mikono miwili, akauliza, "Mwalimu, alikuwa akikutazama wewe, au mimi niliyesimama nyuma yako?"

Alikuwa akimtazama yeye.