Homa Iliyojificha Usoni

Mwaka jana ami yangu alilazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi hapa Mombasa, hajitambui kwa kiharusi. Mpira wa mashine ya kupumulia ulipitishwa kinywani, na wa kumlishia ukapitishwa puani. Siku ya saba homa ikampanda. Wakapima damu, mkojo na kifua, chanzo hakikuonekana.

Daktari, binti wa umri wa wanangu, akaishuku pua. Alinieleza kuwa nyuma ya mashavu mna mashimo ya hewa, ambayo hutoa ute wake kupitia vijitundu vinavyofungukia puani. Mpira ukikaa humo siku nyingi, vijitundu huvimba na kuziba. Na mgonjwa anapolala chali ute hutuama, bakteria wakazaliana. Mzima angelalamika kuumwa na uso. Ami hakuweza kutamka neno.

Skani ikaonyesha mashimo yamejaa. Nikasema, "Basi mpeni dawa iliyo kali kuliko zote!"

Akanijibu kwa upole, "Sheikh, picha yaonyesha majimaji, haionyeshi bakteria. Wagonjwa wengi wa humu wana majimaji kama hayo pasi na maambukizi. Niruhusu nivute kidogo kwa sindano, tukayapime maabarani."

Nikaghadhibika. Nilimwambia, mbele ya jamaa, kwamba anamfanyia mzee wetu majaribio.

Usiku ule sikulala. Miaka mingi nimesomesha fikihi, nikiwaonya wanafunzi wasihukumu kwa dhana. Nami sasa namtaka daktari ahukumu kwa kivuli cha picha. Baada ya sala ya alfajiri nikarudi, nikatia sahihi.

Sindano ilitoa usaha. Mpira wa puani ukaondolewa, wa kulishia ukapitishwa kinywani. Baada ya siku mbili maabara ikambainisha bakteria, na ikadhihirika kuwa dawa aliyokuwa akipewa haikuwa ya kumuua. Ikachaguliwa nyingine, na homa ikashuka.

Ami bado hasemi sawasawa, lakini alhamdulillahi yu nyumbani. Nilimtafuta yule daktari, nikamtaka radhi mbele ya jamaa walewale.

Ndugu msomaji, akilazwa wako katika hali hiyo, uliza kama mpira wa puani bado wahitajika. Na daktari akikuomba subira ili apate yakini, usimnyime.