Twende Mgeta Tukatengeneze Gitaa

Ndugu msomaji, leo twende Mgeta. Mgeta iko katika Milima ya Uluguru, Wilaya ya Mvomero, Mkoa wa Morogoro. Ukitoka Morogoro mjini unashika barabara ya Iringa. Karibu na Mzumbe unaiacha barabara kuu na kuanza kupanda. Joto unaliacha chini. Kila kona unayopita, hewa inazidi kuwa baridi. Ukifika juu utatafuta koti.

Huko utaona mashamba kwenye miteremko mikali. Wakulima hulima kabichi, karoti, njegere na viazi kwenye matuta ya ngazi. Wanafuga pia mbuzi wa maziwa ambao mbegu yake ilitoka Norway. Mimi hupanda milima hiyo kwa ajili ya mboga na mbuzi. Lakini leo sitakueleza habari za kabichi. Nitakueleza habari za gitaa la umeme.

Usishangae. Morogoro ni nyumbani kwa magitaa. Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba walikuwa watu wa Morogoro. Mbaraka Mwinshehe alipiga gitaa katika bendi ya Morogoro Jazz, na mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Alifariki mwaka 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa. Mpaka leo nyimbo zake zinapigwa redioni. Kijana wa Uluguru akishika gitaa, anajua anafuata nyayo za nani.

Basi, katika kijiji kimoja cha Mgeta kuna kikundi cha vijana. Waliuza njegere na karoti za msimu mzima, wakanunua gitaa la umeme na amplifaya ndogo. Lilikuwa gitaa la bei ya chini kuliko yote dukani, lile la watu wanaoanza kujifunza. Baada ya mwezi mmoja furaha ikaisha. Mpigaji wao, kijana wa miaka 17, alikuwa na malengelenge kwenye vidole. Kiganja kilikuwa na michubuko. Kila wimbo ulitoka umepinda. Mweka hazina wa kikundi, ambaye ni mjomba wa kijana huyo, alitaka gitaa liuzwe siku ya gulio, hata kwa nusu ya bei.

"Bwana Shamba, tumeuziwa kuni zenye nyuzi," aliniambia.

Kijana alinyamaza. Kwa Waluguru neno la mjomba ni zito.

Mjomba alikuwa na haki ya kukasirika. Fedha ile ilikuwa jasho la watu. Lakini gitaa halikuwa bovu. Gitaa la bei nafuu mara nyingi lina mbao ya kutosha na chuma cha kutosha. Linachokosa ni saa mbili za fundi. Kiwanda kinauza kwa bei ndogo kwa sababu saa hizo mbili kimeziruka. Wewe ukinunua jembe jipya, hulinoi kwanza?

Kazi hii nilijifunza kwa fundi mmoja mjini Morogoro kabla sijaenda chuo cha kilimo. Vifaa vyake si vingi. Unahitaji bisibisi, kile kifunguo kidogo cha pembe sita kinachouzwa pamoja na gitaa, rula ya shule, tupa laini, penseli na nyuzi mpya. Simu ya kisasa yenye programu ya kupima sauti itasaidia sana.

Kwanza tulibadili nyuzi. Zile za zamani zilikuwa na kutu. Uzi wenye kutu hukata vidole na haushiki sauti. Badili mmoja mmoja, usizitoe zote mara moja. Uzungushe kila uzi mara mbili au tatu kwenye kigingi chake, kisha uuvute taratibu kwa mkono ili unyooke. Nunua nyuzi nyembamba za chuma. Za nailoni hazifai hapa. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, na sumaku hizo husikia chuma tu. Waya wa breki ya baiskeli uwaachie watoto kwa gitaa la kopo.

Halafu tuliitazama shingo. Hapa ndipo watu wengi huharibu, kwa hiyo soma polepole. Ndani ya shingo kuna chuma kirefu kilichofichwa. Kazi yake ni kushindana na nyuzi, maana nyuzi sita zilizokazwa huivuta shingo ijikunje mbele. Ili kuipima, bonyeza uzi mnene kwenye chuma cha kwanza cha shingo, na kwa mkono mwingine ubonyeze pale shingo inapoungana na mwili. Uzi wenyewe sasa ni rula. Chungulia katikati. Kati ya uzi na vyuma kuwe na nafasi ndogo tu, kama unene wa karatasi ngumu. Kwenye gitaa la vijana wale nafasi ilikuwa kubwa mno. Shingo ilikuwa imepinda kama upinde.

Tafuta nati ya kile chuma. Kwenye magitaa mengine iko kichwani, kwenye mengine iko upande wa mwili. Ikiwa shingo imejikunja mbele, kaza kuelekea kulia. Geuza robo ya mzunguko tu, basi. Pima tena. Ikiwa bado, iache mbao ipumzike, uendelee baadaye. Nati ikigoma, acha kabisa umpelekee fundi. Chuma hicho kikikatika, ndipo gitaa litakuwa kuni kweli. Sisi tuligeuza robo jioni na robo nyingine asubuhi.

Baada ya shingo tulishusha nyuzi. Chini ya gitaa kuna daraja. Juu ya daraja kuna vikalio sita, kila uzi na chake. Hesabu vyuma vya shingo mpaka ufike cha 12, weka rula, upime nafasi kutoka juu ya chuma hicho hadi chini ya uzi. Kwao ilikuwa milimita 4. Kidole cha mwanafunzi kitabonyezaje mpaka huko? Tulishusha mpaka uzi mnene ukawa milimita 2, na uzi mwembamba milimita 1 na nusu. Ukishusha kupita kiasi, uzi utagonga vyuma na kulia kama nyuki. Hapo pandisha kidogo.

Kule kichwani kuna kipande cha plastiki chenye mifereji sita. Mimi hukiita kizingiti. Kwenye magitaa ya bei ndogo mifereji hiyo huachwa juu sana, na ndiyo maana vyuma vya mwanzo vinaumiza. Bonyeza uzi kwenye chuma cha tatu, halafu tazama chuma cha kwanza. Uzi uwe karibu kukigusa bila kukigusa. Ikiwa uko mbali, chimba mfereji kidogo kidogo. Kipande cha uzi mnene wa zamani kinafaa, maana kina mikwaruzo kama msumeno. Chimba mara chache, jaribu, chimba tena. Ukichimba mno itabidi ununue kizingiti kingine. Ukimaliza, sugua mifereji kwa ncha ya penseli. Ule weusi hulainisha, na uzi haukwami unapoukaza.

Michubuko ya kiganja ilikuwa na sababu nyingine. Nilimwuliza kijana gitaa linalala wapi.

"Darini juu ya jiko, mzee, lisipate unyevu," alinijibu.

Msomaji, dari ile ni mahali pazuri pa kutunza mbegu ya mahindi, maana moshi hufukuza wadudu. Kwa gitaa ni pabaya. Mbao ikikauka hunywea, lakini chuma hakinywei. Basi ncha za vyuma hutokeza pembeni mwa shingo na kukata mkono. Tulipitisha tupa laini kwenye kila ncha, tukiishika kwa mshazari, bila kugusa mbao. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na vijana walipokezana. Siku hizi gitaa lao linalala ndani ya mfuko, chumba cha kulala, mbali na moto.

Mwisho kabisa ni kusahihisha sauti za juu. Usianze na hili, kwa sababu ukibadili shingo au urefu wa nyuzi sauti nazo hubadilika. Chuma cha 12 kiko katikati ya uzi. Piga uzi mtupu, halafu ubonyeze chuma cha 12 na kupiga tena. Sauti iwe ile ile, ila moja nene na moja nyembamba. Simu itakuonyesha. Ikiwa ile ya chuma cha 12 imezidi, legeza uzi na urudishe kikalio nyuma kwa bisibisi. Ikiwa imepungua, sogeza kikalio mbele. Kaza uzi, pima tena. Fanya hivyo kwa nyuzi zote sita. Hapo ndipo nyimbo zilikuwa zinapindia. Kijana alikuwa akibonyeza mahali sahihi, lakini gitaa lilikuwa likimjibu vibaya.

Vifungo vya sauti vikikwaruza, vizungushe kushoto na kulia mara nyingi, vumbi litatoka. Tundu la waya likilegea, kaza nati yake. Lakini amplifaya usiifungue. Ndani yake umeme unaweza kubaki hata ukiwa umechomoa waya ukutani.

Siku ya gulio ilifika. Mjomba alikuja na mfuko tayari kwa kulipeleka gitaa sokoni. Kijana akamwambia, "Mjomba, nisikilize kwanza, hata wimbo mmoja." Akapiga. Hakuwa hodari bado, lakini kila sauti ilikaa mahali pake, na vidole vilitembea bila kusitasita. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza nyuzi mpya ziligharimu kiasi gani, akaandika kwenye daftari la kikundi.

Vijana hao sasa wanaalikwa kushuka Morogoro mjini kupiga kwenye harusi. Nimewaambia jambo moja, nawe ulishike ikiwa unakaa milimani. Gitaa likitoka kwenye ubaridi wa Mgeta na kuingia kwenye joto la mjini, mbao hujisogeza. Usikimbilie nati ya shingo siku hiyo hiyo. Kaza nyuzi tu upige. Likikaa huko siku nyingi, ndipo uchungulie tena ile nafasi ya unene wa karatasi.