Twende Pamoja, Tufike Pamoja

Ndugu msomaji, huenda unaishi milimani na barabara zetu za udongo unazijua. Huenda unaishi bondeni na hujaziona. Basi nitakueleza kwanza zilivyo.

Mimi nakaa Lushoto, katika milima ya Usambara, Mkoa wa Tanga. Barabara ya lami hutoka Mombo, hupanda mlima kupitia Soni, na kufika Lushoto mjini. Mji huu uko kiasi cha meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukitaka kwenda mbele zaidi, Lukozi, Sunga au Mtae, utapita msitu wa Magamba. Ukiiacha lami, utaingia kwenye udongo mwekundu. Upande mmoja ni ukuta wa mlima. Upande wa pili ni bonde. Huko chini utaona mashamba ya kabichi na viazi, na nyumba ndogo kama viberiti.

Sisi ni marafiki watano wenye pikipiki. Yumo seremala, yumo mwalimu wa kike, yumo kijana mwuza mboga, yumo mzee mmoja mkulima, na mimi. Siku ya mapumziko hupanda pikipiki zetu tukaenda Mtae. Watu hutuuliza, "Mnakwenda kufanya nini huko?" Twawajibu, "Tunakwenda kutazama." Mtae iko ukingoni mwa milima. Ukisimama pale, nyika ya Mkomazi imetandazwa chini yako. Siku ya mbingu safi unaweza kuuona hata mlima Kilimanjaro. Mtu aliyeinama kazini siku sita, siku ya saba hupenda kutazama mbali.

Lakini barabara ile ina masharti yake. Kuteremka ni kugumu kuliko kupanda. Wako watu ambao huzima injini mteremkoni ili waokoe petroli. Usifanye hivyo. Injini ikizimwa, pikipiki hubaki mikononi mwa breki peke yake. Breki ikisuguliwa muda mrefu hupata moto, na breki yenye moto haishiki vizuri. Tia gia ndogo, injini yenyewe itakuzuia. Tumia breki zote mbili, kidogo kidogo. Kwenye matope au changarawe, ukikamata breki ya mbele kwa nguvu, gurudumu litateleza. Kwenye kona shika kushoto kwako, piga honi, maana huenda lori la kabichi linakuja. Vaa kofia ngumu, na ufunge kamba yake. Kofia isiyofungwa huruka kabla ya kichwa kufika chini.

Sharti kubwa kuliko yote ni la wenzako. Sisi tumepatana hivi: kila mtu amchunge aliye nyuma yake. Kila tukifika njia panda tunasimama, tunahesabiana, ndipo tunaendelea. Aliye hodari hukaa nyuma kabisa, akiwa na pampu na spana.

Novemba mmoja, wakati wa mvua za vuli, tulikuwa tunarudi kutoka Mtae. Ukungu ulishuka. Tulifika njia panda, tukahesabiana. Tulikuwa wanne. Seremala, ambaye ndiye hodari wetu, hakuonekana. Tulingoja. Mvua ilizidi. Kijana wetu akasema, "Yule kaka ni fundi, atatukuta mjini." Mwalimu hakumjibu. Aligeuza pikipiki yake, akarudi. Sisi sote tukamfuata.

Tulimkuta ndani ya mtaro, pikipiki imemlalia mguu. Bomba la moshi lilikuwa linamchoma. Petroli ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye tangi. Alikuwa amepiga kelele mpaka sauti ikamkauka, lakini mvua iliimeza. Tulifunga petroli, tukainua pikipiki, wanne kwa pamoja. Mguu ulikuwa umevunjika. Mwalimu aliufunga kwa vijiti na kanga, na lori la viazi likampeleka hospitali. Leo anatembea, anachechemea kidogo tu. Bado anapanda pikipiki, na bado anakaa nyuma. Lakini sasa hakuna anayesema kwamba hodari hahitaji kungojwa.

Ndugu msomaji, siku hizi bodaboda zimejaa vijijini. Zinabeba wagonjwa, mbolea na mazao. Vijana wengi huendesha pikipiki za watu wengine, na jioni wanatakiwa kupeleka hesabu ya tajiri. Ndiyo sababu wanakimbia. Wewe huenda huna pikipiki, lakini unapanda ya mwenzako. Unaweza kumwambia, "Mwanangu, teremka polepole, mimi sina haraka." Maneno hayo hayaongezi nauli. Nao vijana wa kituo kimoja wanaweza kupatana kama sisi: anayekwenda mbali aage, na asiporudi kwa saa yake, wenzake wamfuate.

Zungumzeni jambo hili darasani kwenu, na mkirudi nyumbani waelezeni vijana wenu. Fundi wa kutengeneza pikipiki yuko sokoni. Fundi wa kukutoa mtaroni, usiku, katika mvua, ni mwenzako aliyehesabu watu akaona mmoja amepungua.