Birika, Mtungi na Bei ya Mafuta



Kwa miaka mingi birika la msikiti wetu lilijazwa kwa pampu ya petroli. Kila baada ya sala ya alfajiri kijana mmoja alikwenda kisimani, akavuta kamba, na moshi ukatufikia barazani. Kila aliyeshauri tununue paneli za jua alijibiwa, nami nilikuwa miongoni mwa waliomjibu, kwamba fedha hizo ni nyingi mno na petroli ipo.

Ikaja Septemba 2023. Tarehe 14 ya kila mwezi, siku ya kutangazwa bei ya mafuta, tumezoea kuingoja kama tungojavyo mwandamo, ila bila furaha. Ushuru wa VAT juu ya mafuta ulikuwa umekwisha kupandishwa Julai, kutoka asilimia 8 hadi 16, na mwezi ule lita moja ya petroli ikapita shilingi 200, hata hapa Pwani yanakoteremshwa melini. Mweka hazina alisoma hesabu, tukanyamaza. Jambo tulilolikataa miaka yote likapita kwa robo saa. Hata betri hatukuhitaji: jua likiwaka maji hupanda, na usiku birika limejaa.

Nikaandaa hotuba ya Ijumaa, niseme kwamba ughali umetufumbua macho.

Alhamisi jioni nilipita kwa jirani yetu, mjane apikaye mahamri. Jiko lake la mafuta ya taa lilikuwa limefunikwa gunia, naye ameinama juu ya mafiga, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Mafuta ya taa, ambayo tangu 2018 yametwikwa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili yasichanganywe na dizeli, yalikuwa yamekaribia bei ya petroli. Nikamtajia gesi, nikamwambia kuwa imeondolewa ushuru mwaka huu.

Akacheka. "Shekhe wangu, mafuta nilikuwa nikinunua kwa chupa. Huo mtungi nao wauzwa kwa chupa?"

Sikuwa na jawabu. Bei ileile iliyotusukuma sisi kwenye jua ilikuwa imemrudisha yeye msituni, na baina yetu hapakuwa na tofauti ila sanduku la msikiti. Hotuba niliibadilisha usiku ule.

Niliiomba kamati fedha tulizokuwa tukinunulia petroli zikopeshwe wenye haja, karadha hasana, wanunue mitungi na majiko. Mweka hazina alikataa: kilichotolewa kwa ajili ya msikiti hakitoki nje ya msikiti. Kifiqhi hoja yake ina nguvu, nami sikumshinda. Tukakubaliana kutundika sanduku la pili, lenye jina lake na nia yake.

Ijumaa iliyopita tulilifungua kwa mara ya kwanza. Lilikuwa na shilingi 1,340. Mahamri ya jirani yangali yanukia moshi.